Stara ya Itundwe

1

Kwa mujibu wa mashine, kata ya Itundwe ilikuwa na wavukaji mia nne ishirini na tisa pungufu ya sifuri.

Sikitu Chilongani, daktari wa takwimu, aliisoma namba hiyo, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, akaisoma tena. Alama ya kutoa ilikuwa palepale. Vijana wa meza ya pili walikuwa wameshaiona, na mmoja wao alikuwa hana mbavu.

"Dada Sikitu, Itundwe wana upungufu! Tuwapelekee wengine kutoka mkoa wa jirani, angalau wafike sifuri."

Sikitu hakucheka. Kifaa kilichokusanya majibu yale alikibuni yeye, jina alikipa yeye, na kwa miaka mingi alikuwa akisimama mbele ya wakubwa wa Shirikisho kuwahakikishia kwamba hakikosei. Ukishajisifu kiasi hicho, siku kikikosea unacheka na nani?

Kazi yenyewe ukiitaja ni nyepesi. Idara ya Makadirio ilitakiwa kujua, katika watu wazima wote wa Shirikisho, ni wangapi ambao jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa siyo wanayojijua nayo. Sheria iliwaita watu wa jinsia tofauti. Mitaani waliitwa majina mengi, mengine hayaandikiki, na hili la wavukaji walilichukua wenyewe kwa sababu ndilo lililokuwa na matusi kidogo. Serikali haikuwa inawatafuta kwa mapenzi. Mfuko wa Afya ulikuwa umechoka kugharamia kliniki za homoni bila kujua zinamhudumia nani, ukatoa sharti: kanda ambayo makadirio yake yatafika mvukaji mmoja katika kila watu wazima mia mbili itabaki na kliniki yake. Isiyofika, kliniki ifungwe, jengo ligeuzwe kituo cha chanjo ya mifugo.

Sasa nenda kamuulize mtu swali hilo mlangoni kwake uone. Na shida haikuwa aibu peke yake. Palikuwa na Sheria ya Vitabu Wazi, iliyopitishwa kwa vigelegele enzi zile za kusaka watumishi hewa. Ilisema kwamba jibu lolote ambalo mwananchi ameipa serikali lazima liwe na jina na sauti yake, na hesabu ikishafungwa mwananchi mwenzake yeyote anaruhusiwa kulisoma. Ilikamata wezi wengi, tuseme haki. Halafu wezi wakaisha, sheria ikabaki, na watu wakaanza kusomana. Kule Mtepweka mwalimu mmoja alisomwa na wazazi wa wanafunzi wake, na kulipokucha nyumba yake ilikuwa majivu, naye alikuwa ndani.

Ndipo Sikitu akaja na stara. Kifaa kinaenea kiganjani, ukubwa wake kama kipande cha sabuni. Karani anakuuliza: je, wewe ni mtu wa jinsia tofauti? Unakishika, unakigeuzia kwako, na inawaka taa ambayo hakuna mwingine anayeiona. Ikiwaka kijani, sema kweli. Ikiwaka njano, sema "Ndiyo," uwe nani uwe. Njano humwangukia mtu mmoja katika kila watatu, kwa bahati tupu, na kifaa chenyewe hakikumbuki kilimwashia nani taa gani. Kwa hiyo anayekusoma kesho ataikuta "Ndiyo" yako, lakini jirani nayo ataikuta ya shemeji yake, ya katekista, ya diwani, na pengine ya kwake mwenyewe. Hawezi kujua ipi ni ya kweli. Idara nayo haijui. Inajua tu kwamba theluthi ya watu wamesema "Ndiyo" kwa amri ya taa, inawaondoa kwenye hesabu, na kile kilichozidi inakizidisha kwa moja na nusu, maana kimetoka kwa theluthi mbili tu ya watu. Watu wanaazimana neno moja na wote wanalala salama. Sikitu alipenda kulisema hilo redioni.

Itundwe ilikuwa na watu wazima mia tisa. Mia tatu kati yao walipaswa kusema "Ndiyo" hata kama kata nzima haina mvukaji. Waliosema walikuwa kumi na wanne.

2

Mkurugenzi Msemwa alikuwa mtu mpole, na upole huo ndio uliofanya iwe vigumu kubishana naye. Alimmiminia Sikitu chai ya tangawizi, akafunga mlango, akakaa.

"Siyo Itundwe peke yake," alisema. "Nyanda zote za kati, kata kwa kata, watu wameikataa njano. Ukiingiza kwenye kanuni yako kanda nzima inatoka hasi. Mfuko wakiona hasi watasoma hakuna."

"Naomba nikague vifaa, mzee."

"Vifaa vizima. Nimevipima mwenyewe. Watu waliona njano, wakasema hapana." Akapuliza chai yake. "Sasa wale kumi na wanne, Sikitu, ni akina nani?"

Sikitu alikuwa ameshajiuliza swali hilo tangu asubuhi, na jibu alikuwa nalo.

"Ni wenyewe," alisema.

"Ni wenyewe. Kumi na wanne katika mia tisa, hiyo ni mara tatu ya sharti la Mfuko. Na kanda nzima iko hivyohivyo. Andika ukurasa mmoja tu: nyanda za kati stara haikufanya kazi, majibu yachukuliwe kama yalivyo. Kliniki inabaki. Unaijua foleni ya pale? Watu wanatoka mbali, wengine wanalala barazani."

"Nikiandika ukurasa huo, siku vitabu vikifunguliwa kila 'Ndiyo' ya nyanda za kati ni mtu. Na jina lake, na sauti yake. Hakuna hata mmoja aliyefichwa."

"Wananchi wangapi wanasoma kurasa za Idara?"

"Anatosha mmoja, mzee. Atasoma, ataenda kuwaeleza wenzake kijiweni. Mtepweka walianza wangapi?"

Msemwa akaweka kikombe mezani. "Na usipoandika, serikali inakuwa imeandika rasmi kwamba hawapo. Kliniki imekufa. Mtu aliyeandikwa hayupo atakwenda kulia kwa nani? Mimi sikulazimishi, Sikitu. Nakuuliza tu utawaumiza akina nani, maana wa kuumia wapo kote kote."

Sikitu aliitazama kalenda ukutani. Hesabu ilikuwa inafungwa Ijumaa, na mpaka Ijumaa sheria ilimruhusu mtu yeyote kulirekebisha jibu lake kwa sauti yake mwenyewe. Jibu jipya lilifuta la zamani moja kwa moja.

"Wale walioikataa njano wakirudi wakasema 'Ndiyo' yao," alisema polepole, "stara inarudi. Hakuna atakayejua nani ni nani, na idadi itatoka sahihi."

"Utawaombaje watu mia tatu waseme 'Ndiyo' bila kuwaambia ni kwa ajili ya nani?"

"Sijui."

"Basi nenda ukajue," alisema Msemwa. "Ukishindwa, ukurasa ule utauandika."

3

Itundwe inaishi kwa umande. Tangu visima vilipokauka, vilima vyote vimevikwa nyavu nyeusi zinazokamata ukungu wa alfajiri na kuushusha kwa mabomba hadi kwenye matangi ya kata, na kila ukoo una mwamba wake wenye nyavu za kulinda. Sikitu alikuta watu wanakung'uta vumbi kwenye nyavu, wanaimba. Hakuwa na moyo wa kusimama kusikiliza.

Alianzia kwa karani. Bwana Yaredi alikuwa mwalimu wa kwaya, shati limepigwa pasi hadi kwenye kola, na alikuwa na fahari na kazi aliyoifanya.

"Tumefuata mwongozo, Daktari. Hakuna tulichoruka."

"Sina wasiwasi. Nionyeshe tu mlivyokuwa mnaanza."

Yaredi akasimama, akavua kofia, akafumba macho. "Kila mmoja kwa imani yake. Ee Mungu, tunakushukuru kwa kutukutanisha. Tunalikabidhi zoezi hili mikononi mwako. Zilinde ndimi zetu na uongo, na kila atakayesema hapa aseme kweli kama aliye mbele yako. Amina." Akafumbua macho, akatoa stara mkobani, akamnyooshea.

Sikitu alitafuta kiti.

"Kila nyumba?" aliuliza.

"Kila nyumba. Kwani kazi ya serikali inaanzaje bila sala?"

Kweli, inaanzaje? Hata kule Idarani kikao cha Jumatatu hakianzi bila sala, na mara nyingine Sikitu mwenyewe ndiye aliyeambiwa atuombee. Haikuandikwa kwenye mwongozo kwa sababu hakuna anayemwandikia karani kwamba asisahau kupumua. Na makarani wa nyanda za kati walichukuliwa kwenye kwaya na madrasa, kwa kuwa hao ndio wanaofunguliwa milango bila maswali. Pendekezo lilikuwa la Sikitu. Alikuwa ameipima bahati ya taa mpaka kwenye sehemu ya elfu, halafu akawatuma watu wema wakawaapishe wananchi wasiseme uongo, dakika moja kabla ya kuwaomba waseme uongo. Alitamani kumkasirikia Yaredi, akashindwa, akajikasirikia mwenyewe.

Alipotoka ofisini alimkuta mtu anamngoja chini ya bomba. Mwanamume wa makamo, ndevu zimeanza mvi, mikono imechanika kwa waya wa nyavu.

"Shikamoo, Daktari. Mimi ni Kanuti, msimamizi wa nyavu. Sauti yako naijua redioni. Ukiona mtu wa redioni amekuja mwenyewe, ujue mambo yameharibika."

Sikitu angeweza kumzungusha, kama tunavyojua kuzungushana watu wa ofisini. Lakini Kanuti alikuwa anamtazama usoni, na tena alikuwa mmoja wa wale kumi na wanne; jina lake lilikuwa la tatu. Akamwambia yote palepale waliposimama, ya taa, ya sala, ya kliniki na ya ukurasa ambao bado hajauandika.

Kanuti alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kitu ambacho Sikitu hakukitegemea.

"Kumi na wanne? Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi tulisema wote." Uso wake ukafunguka kidogo, kwa kitambo tu. "Mimi ndiye niliyewashawishi. Wengine walitaka kukana. Nikawaambia semeni 'Ndiyo,' watu mia tatu watasema pamoja na sisi, tutapotea katikati yao. Nilitumia maneno yako, Daktari. Yale ya kuazimana." Akafuta mikono kwenye suruali. "Hakuna hata mmoja aliyeniangusha."

4

Kanuti alimpeleka kula kwa Bi. Mbeleje, jirani yake, bibi wa miaka themanini na kitu aliyemwita mama. Ilikuwa ugali wa uwele na mlenda, na Bi. Mbeleje alikaa kwenye kigoda akihakikisha mgeni anakula kweli na siyo kudonoadonoa. Sikitu alimwamkia, akala, na baada ya kunawa hakuona njia ya kuzunguka.

"Bibi, siku ile ya karani uliwashiwa taa gani?"

"Njano."

"Ukasema nini?"

"Nikasema hapana. Mimi mvukaji wapi, mwanangu? Nimezaa saba."

"Lakini maelekezo yalisema njano ikiwaka—"

"Maelekezo niliyasikia, masikio yangu hayajafa. Tulikuwa tumetoka kusali sasa hivi. Nifumbue macho nidanganye?"

"Ingemsitiri Kanuti, Bibi. Neno lako lingekaa karibu na lake, asijulikane."

Bi. Mbeleje aligeuka, akamtazama Kanuti, kisha akamrudia Sikitu, na safari hii sauti ilikuwa imepanda.

"Mimi unanifundisha kumsitiri huyu? Baba yake alipomtoa usiku na shuka moja, mlango uliofunguka ni huu. Kanuti ni jina la kaka yangu marehemu. Nililitoa mimi, mbele ya ukoo, wakaninunia wote. Mchungaji akanizuia meza ya Bwana mwaka mzima, nikakaa benchi la nyuma na watoto. Muulize kama nadanganya. Mtoto huyu akihitaji figo yangu hata leo aseme."

"Hukuombwa figo, mama," alisema Kanuti. "Uliombwa neno."

"Neno la uongo."

"Ndiyo. La uongo."

"Sijawahi," alisema Bi. Mbeleje, na hakulisema kwa kujivuna. Lilikuwa jambo la kweli juu yake, kama urefu wake. Akaanza kukusanya vyombo, Kanuti akampokea sufuria.

Nje, walipokuwa wanaagana, Kanuti alisema, "Waite watu Ijumaa. Idadi yetu usiitaje."

"Wakikataa?"

"Waite tu, Daktari."

5

Walikuja watu kama mia mbili, wakajaa uwanja wa ofisi ya kata. Yaredi akafungua mkutano kwa sala. Sikitu akainamisha kichwa na wenzake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaomba Mungu asisikie.

Alijieleza kadiri alivyoweza bila kusema kitu. Kwamba taa ya njano ni kama zamu ya kulinda nyavu, ikikuangukia unaitimiza hata kama mwamba si wa ukoo wako. Kwamba kuitii si uongo, ni kanuni ya mchezo ambayo pande zote mbili zinaijua. Kwamba aliyeikataa anaruhusiwa leo kurekebisha, ndani, mlango umefungwa, yeye na karani tu. Watu walisikiliza vizuri. Mama mmoja akainuka, na kijana mmoja nyuma yake, wakaanza kwenda mlangoni, na Sikitu akaanza kuwahesabu.

Ndipo diwani aliponyoosha mkono. Hakuwa na ubaya. Alikuwa mtu anayependa kuelewa.

"Daktari, samahani. Kama sisi tulioona njano wote tulisema hapana, hao waliosema ndiyo ni akina nani?"

Unaweza kumzuia mtu asisome ukurasa, lakini huwezi kumzuia asifikiri, na pale watu mia mbili walikuwa wanafikiri kitu kimoja. Yule mama akarudi kukaa, kijana naye akarudi. Nani sasa atakayekwenda mlangoni mbele ya macho yale yote akasema "Ndiyo"? Macho yalianza kutembea, yakipima mabega, viuno, ndevu. Sikitu alijua kwamba jambo alilosafiri kuja kulizuia alikuwa amelileta yeye.

Kanuti akasimama.

"Diwani, hilo swali si la mkutano. Daktari amesema tukarekebishe, basi twende tukarekebishe wote, mlioona njano na mlioona kijani, wazee kwa vijana. Foleni moja. Kila mtu aingie na lake atoke na lake, yaishe, tukalinde nyavu."

Hilo walilipenda. Kupanga foleni si uongo. Watu walisimama kwa kishindo cha furaha, wakawasaidia wazee, wakawaweka wajawazito mbele, wakaanza kutaniana. Hakuna aliyebaki ameketi. Wangekaa juani mpaka jioni kwa ajili ya jirani na wala wasingemuuliza jirani ni yupi. Sikitu aliingia ndani akakaa mezani na stara na mashine mbele yake, na machozi yalimlenga kwa shukrani. Aliamini Kanuti ameshazungumza nao.

Aliyetangulia akashika kifaa, akaitazama taa yake.

"Hapana."

Wa pili. "Hapana."

Wa tano, wa kumi, wa ishirini. Waliingia wakamwamkia vizuri, wakajibu kwa sauti safi, wakamshukuru kwa kazi. Wengi walikuwa wanarudia tu walichokisema mwanzo. Kisha akaingia fundi cherehani mmoja mrefu, akasema "Hapana" huku anaangalia sakafu, na kioo cha mashine kikaandika: jibu limebadilika. Kumi na wanne wakawa kumi na watatu.

Baada yake akaja muuguzi wa zahanati. Wakaja wengine, wametawanyika kwenye foleni, mmoja mmoja katikati ya majirani zao, na kila mara kioo kikaandika maneno yaleyale. Yaredi hakuwa anaona kioo. Alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika jinsi zoezi lilivyokwenda kwa utulivu.

Simu ya mezani ikawaka. Ilikuwa sauti ya Msemwa.

"Sikitu, umefanya nini huko? Kata zote za nyanda za kati wanapanga foleni. Makarani wa kwaya wameambizana. 'Ndiyo' zinafutika huku nazitazama."

"Naona, mzee."

"Kufikia jioni hakutakuwa na cha kuandika. Hata ukurasa wako hautasaidia. Kliniki—"

"Najua, mzee," alisema, akaizima.

Kanuti aliingia karibu na mwisho. Yaredi alikuwa ametoka kunywa maji. Kanuti alikaa, akakichukua kifaa, akakigeuzageuza kama mtu anayetafuta mahali kilipotengenezwa.

"Kumbe foleni uliitaka kwa ajili ya hili," alisema Sikitu.

"Ningewatoaje wenzangu kumi na watatu uwanjani, watu wanawatazama? Neno wamekataa kutuazima. Foleni wametuazima. Nimechukua walichonacho."

"Kliniki itafungwa, Kanuti. Na serikali itaandika kwamba nyanda za kati hamkuwahi kuwepo."

"Dawa yangu iliyobaki ni ya miezi miwili. Ikiisha mwili utarudia mambo yake, nami nitaona aibu mbele ya kioo kila asubuhi, na ndevu hizi sijui." Akazipapasa, akaendelea. "Nakuchukia kidogo, Daktari, nisikufiche. Tulikuwa tumejificha vizuri kabla hujatufundisha namna ya kujificha. Uliza swali lako."

Sikitu akauliza, kwa sababu sheria ilitaka aulize. "Je, wewe ni mtu wa jinsia tofauti?"

Taa ikawaka upande wake. Kanuti hakuitazama.

"Hapana," alisema, kwa sauti iliyofika nje.

Jibu limebadilika. Kioo kikaonyesha sifuri. Kanuti alisimama, akafungua mlango, na pale mlangoni alikuwa Bi. Mbeleje, mtu wa mwisho kwenye foleni kwa sababu ya magoti yake, ameegemea fremu. Alikuwa amesikia. Alimtazama Kanuti muda mrefu.

"Umesema uongo," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nani amekufundisha?"

Kanuti alimpisha, naye akaingia, akakaa kwa shida, akanyoosha mkono apewe kifaa. Yaredi alikuwa amerudi, akavua kofia atangulize sala, Bi. Mbeleje akamwambia anyamaze. Hakuna aliyewahi kumsikia bibi huyo akimnyamazisha mtu anayetaka kusali.

Sikitu akauliza swali. Taa ikawaka. Bi. Mbeleje akaisogeza karibu na macho yake mabovu, akaitazama hadi akahakikisha.

"Ndiyo," alisema.

Yaredi akageuka kumtazama.

"Bibi," Sikitu alisema upesi, akiinamia meza, "wenzio wote wamesema hapana. Itakuwa wewe peke yako. Vitabu vikifunguliwa, Itundwe nzima itakuwa na jina moja, na jina lenyewe ni lako. Haimsaidii mtu tena. Sema hapana, Bibi. Nakuomba."

"Nimeulizwa, nimejibu."

"Taa ilikuwa rangi gani?"

"Si mlisema ni siri?" alisema Bi. Mbeleje, akarudisha kifaa mezani.

Mashine ikapokea. Katika kata nzima "Ndiyo" yake peke yake ndiyo iliyositiri kama Sikitu alivyokusudia, na Sikitu hakuwa na njia yoyote ya kujua ameona nini. Bibi alijiinua kwa kushika meza. Kanuti akarudi kutoka mlangoni, akampa mkono, na yeye akaung'ang'ania.

"Nimesema, mwanangu. Umesikia? Nimelisema."

"Nimesikia, mama," alisema Kanuti. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililomuuma Sikitu kuliko yote. "Lakini hilo ungenipa siku ile."

Akamshusha ngazi polepole, goti moja baada ya jingine, na watu waliokuwa wamebaki uwanjani wakasogea kuwapisha, upande huu na upande ule.